Ilhamu Haina Hekalu

Siku moja kijana wa kidato cha tatu, mtoto wa jirani yangu, aliniletea insha yake niisome kabla hajaipeleka kwa mwalimu wake. Kichwa chake kilikuwa "Hekalu la Ilhamu". Alisimulia habari za nyumba kubwa iliyosimama juu ya mlima wa theluji, nguzo zake za marumaru, sakafu yake ya vioo, na katikati ya ukumbi wake moto wa buluu usiozimika. Msanii aliyekaukiwa na fikira huupanda mlima huo siku saba, huvua viatu mlangoni, hupiga magoti mbele ya moto, na binti aliyevaa nguo nyeupe humpulizia usoni. Akishuka, tungo humtiririka kama maji ya bomba lililopasuka. Kiswahili cha insha ile kilikuwa safi, na nukta zote zilikaa mahali pake. Nikamsifu kwa hayo. Kisha nikamwuliza habari za daftari lake la mashairi, ambalo mwaka uliotangulia alikuwa akiniletea kila Jumapili jioni. Akanijibu bila ya haya, "Mzee, siku hizi ilhamu hainijii. Naisubiri."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonitia kalamu mkononi. Insha ya mtoto si kitu cha kugombana nacho, lakini kijana mwenye kipawa, mwenye lugha, mwenye macho mawili na masikio mawili, anapoketi kusubiri, hapo pana jambo la kuulizana sisi watu wazima. Hakulizua yeye wazo hilo. Amelichukua katika filamu, katika vitabu vya hadithi vya watu wengine, na nadhani pia katika vinywa vyetu wenyewe, maana sisi ndio tunaowaambia watoto kwamba mtunzi huzaliwa mtunzi, na kwamba shairi "humshukia" mtu kama mvua ya vuli.

Naomba nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na njozi. Shaaban Robert alituandikia Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, na Kusadikika ni nchi inayoelea hewani, isiyokanyagwa na mguu wa mtu yeyote. Lakini tazama kazi aliyoipa nchi hiyo. Aliifanya kuwa baraza la kuhukumia dhuluma, na msomaji wa wakati wa ukoloni aliyeifunga kurasa ya mwisho alikuwa akiitazama upya nchi aliyoikanyaga kila siku. Njozi ya namna hiyo hukupeleka mbali ili ikurudishe nyumbani umefumbuka macho. Njozi ya hekalu la ilhamu haina safari ya kurudi. Humwacha kijana mlangoni, hana viatu, anangoja kupuliziwa.

Tena mwandishi yuyo huyo hakuwahi kuwa na mlima wala moto wa buluu. Tangu mwaka 1926 alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kwanza katika forodha, kisha katika idara ya wanyama, halafu katika ofisi za Tanga, hata alipokaribia mwisho wa maisha yake yaliyokoma mwaka 1962. Mchana aliandika hesabu za watu wengine. Mashairi, insha na tenzi zake zilipata saa zilizobaki. Mimi pia ni karani, ingawa sijilinganishi naye kwa lolote jingine; nimelinda masjala yapata miaka thelathini, na najua saa zilizobaki zina ukubwa gani. Ni ndogo. Tungo zangu nyingi nimezitunga ndani ya basi, nimesimama, mkono mmoja juu kwenye chuma na mwingine ukihesabu mizani kwa vidole juu ya paja. Abiria mmoja aliwahi kuniuliza kama nina ugonjwa wa mishipa.

Basi na tulifuate hekalu hili mpaka kwao, tuone lilivyojengwa.

Kwao ni Uyunani. Wayunani wa kale waliamini kwamba wako mabinti tisa, miungu wa kike, wanaowapa watu utenzi, wimbo, ngoma, historia na hata elimu ya nyota. Kwa Kiyunani waliitwa Mousai, na kutokana na jina hilo Ulaya ikapata neno lililokuja kwetu likawa muziki. Miongoni mwa watu waliosimulia habari zao mapema kabisa, katika tungo zilizotufikia, yumo Hesiod. Sasa sikiliza alivyosema kuwa alikutana nao. Hakuwa katika hekalu. Alikuwa akichunga kondoo chini ya mlima wa Helicon. Walimkuta kazini, tena kazi yenye vumbi na samadi, wakamkemea kwanza, ndipo wakampa fimbo na sauti. Na utungo wake mwingine mkubwa unahusu nini? Unahusu kilimo: lini mtu alime, lini avune, na jinsi ya kuishi na ndugu anayekudhulumu urithi. Mshairi huyo angetufaa hata sisi hapa, msimu wa masika.

Liko jambo la pili, nalo wanaolisifu hekalu hupenda kulisahau. Mabinti hao tisa walikuwa na mama, na jina la mama yao, Mnemosyne, maana yake ni Kumbukumbu. Wayunani walijua basi kwamba wimbo hauzaliwi na moshi. Huzaliwa na yale ambayo watu wameyaweka akilini. Nami hufurahi sana ninapokumbuka kwamba nyumba ya mabinti hao, ambayo lugha za Ulaya ziliifanya kuwa nyumba ya kuwekea vitu vya kale, Kiswahili kiliipa jina la makumbusho. Huenda waliolichagua neno hilo hawakuwa na habari za Mnemosyne hata kidogo. Lakini walimrudisha mama nyumbani kwake. Mtoto wa shule apitaye mbele ya Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam, penye nyumba za makabila yetu zilizojengwa kwa miti, udongo na nyasi, anapita mbele ya jina lenye hekima kuliko hekalu lote la insha ile.

Hata hivyo hekalu lilijengwa kweli, maana wafalme hawapendi kitu kizuri kikae nje bila ya ukuta. Huko Iskandaria, nchini Misri, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, wafalme wa ukoo wa Ptolemaio walianzisha nyumba ya mabinti tisa, Mouseion, wakakusanya humo wataalamu na washairi, wakawalisha kwa pamoja na kuwalipa kwa mali ya mfalme. Sitaki kudhulumu. Mambo makubwa yalifanyika huko. Callimachus, naye mshairi, alitunga orodha ya waandishi na vitabu iliyojaa juzuu 120, na mtu yeyote aliyewahi kupanga majalada ya masjala atamwamkia kwa heshima. Lakini alikuwapo pia mtu mmoja wakati huo huo, Timon, mwenye ulimi mkali, aliyewafananisha wakazi wa nyumba ile na ndege waliofungiwa katika tundu, wanaolishwa wanene na kudonoana bila kukoma. Kwa nini basi kijana wetu anaililia tundu hiyo, hali yeye yuko nje, na mabawa anayo?

Nitasema neno moja kwa wasichana watakaosoma kurasa hizi. Katika hekalu hilo mwanamke ana kazi gani? Yeye hupulizia. Anayeandikwa jina ni mwanamume aliyepuliziwa. Hata Sappho, mwanamke wa kisiwa cha Lesbos aliyetunga mwenyewe kwa akili yake, watu wa kale walipotaka kumsifu walimwita binti wa kumi, yaani walimwondoa katika safu ya washairi wakampandisha juu akawe miongoni mwa wanaopulizia. Pwani yetu haikuwa na adabu hiyo. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa mtawala wa Siyu, alipotunga utenzi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alitunga kwa sababu alikuwa na binti wa kumwusia, na alihofu kwamba muda wake umekwisha. Alifariki yapata miaka miwili baadaye. Hiyo ndiyo ilhamu: mtoto aliye mbele yako, na saa inayokwenda. Utenzi wake unabeba jina lake mpaka leo.

Na Siti binti Saad alitoka wapi? Alitoka Fumba, Unguja, nyumba ya watu maskini wafinyanzi, akichukua vyungu kichwani kuvitembeza, na husimuliwa kwamba sauti ile alianza kuitumia kuwaita wanunuzi. Mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay, nyimbo zake zikatiwa katika santuri, na Kiswahili chake kikasikika mpaka mahali ambapo yeye mwenyewe hakufika. Chungu kilitangulia, santuri ikafuata.

Wataalamu wa mashairi husema juu ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, kwamba ndiye aliyeitoa tungo msikitini akaipeleka sokoni. Kabla yake kalamu za washairi wakubwa wa pwani zilishughulika zaidi na dini. Yeye alitunga juu ya vita vya Mombasa na Unguja, juu ya mapenzi, madeni, marafiki wasioaminika na chombo kisichopata upepo. Aliwaudhi watu, akawachekesha, akawajibu. Wala hakuacha diwani iliyopigwa chapa. Tungo zake zilikaa katika vinywa na vikaratasi vya watu miaka mingi, hata mwishoni mwa karne hiyo Mwalimu Sikujua bin Abdallah na Mwingereza Taylor walipozikusanya. Nani alizihifadhi? Hapakuwa na kuhani wala ukumbi wa vioo. Ni watu wa Mombasa walioziona ni mali yao, wakazikumbuka. Sasa baada ya karne mbili karibu, sisi tunataka kuirudisha tungo ndani, tuifungie mlango, tuivue viatu!

Naamini wako watakaosema, "Mzee huyu anatuhubiria umaskini. Anataka msanii akae juani." La hasha. Msanii anahitaji mahali, na serikali ina wajibu wa kumpatia. Ila nasisitiza tofauti ya hekalu na karakana. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, vijana hawakwenda kule kupuliziwa usoni. Walikwenda kupiga ngoma mpaka viganja vikaota sugu, kurudia hatua moja mara arobaini, kujifunza kuwamba ngozi na kuchonga. Karakana ina zana, ina saa ya kuanza, ina fundi anayekwambia umekosea. Hekalu lina moshi wa ubani na watu wanaosema pole pole. Karakana mia moja nitaziunga mkono, na nitachangia misumari.

Nendeni Mwenge, Dar es Salaam, mkawatazame wachongaji. Nimekaa na mzee mmoja Mmakonde alasiri nyingi, nikitoka kazini, kwa sababu mlio wa tezo juu ya mpingo hunituliza kichwa. Huketi chini, gogo amelibana kwa miguu. Mpingo ni mti mgumu wa ajabu. Ganda lake la nje ni jeupe, moyo wake ni mweusi, na ndani ya moyo mna nyufa na mikunjo ambayo mnunuzi haioni. Mzee huligeuza gogo hilo muda mrefu kabla ya kulipiga pigo la kwanza. Mtu wa hekaluni angesema, "Tazama, anangoja ilhamu." Hangoji kitu. Anasoma. Anautafuta ufa uko wapi, ili kazi ya wiki tatu isimpasukie mikononi. Siku moja nilimwuliza sura ile anaijuaje. Akasema gogo lina masharti yake, na mjinga ni yule asiyeyasikiliza. Kisha akaniomba nisogee, nilikuwa nimemkinga mwanga.

Hata vinyago vile viitwavyo mashetani, vyenye jicho moja na viungo vilivyopotoka, ambavyo wageni huvinunua wakidhani vimetoka kuzimu moja kwa moja, vina asili ya kazini. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa alikuwa akichonga sanamu ya mtu, mkono wake ukavunjika. Badala ya kuitupa akaifuata ile hitilafu, ikamwongoza kwenye umbo jipya. Masimulizi haya yana uzito kwangu, kwa kuwa ajali ya namna hiyo haiwezi kumpata mtu aliyekaa anasubiri. Mkono wa sanamu hauvunjiki mpaka kwanza uwe umechongwa.

Na tusimpite Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 kusini mwa nchi yetu, upande wa Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha, akafanya vibarua vya kila namna, pamoja na kazi ya bustani. Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai ya wachoraji wala rangi ya dukani kwa wasomi. Alikata vipande vya mraba vya ubao wa dari, akavipaka rangi ya kung'aa inayopakwa baiskeli, akachora ndege na wanyama, akaviuza Oyster Bay, chini ya mbuyu karibu na Morogoro Stores. Kazi hiyo aliifanya miaka minne tu. Mwaka 1972 alikufa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Lakini ndugu na jamaa aliokuwa amewakalisha kando yake, wakimsaidia kujaza rangi, walikwisha kujifunza, na chama cha ushirika kikaundwa mwaka 1990. Jina la mtu huyo limekuwa jina la mtindo unaojulikana duniani. Ukipenda kuuita mbuyu ule hekalu, sitakuzuia, mradi ukumbuke kwamba chini yake paliuzwa bidhaa.

Nafika sasa kwenye neno linaloniuma, na msomaji atanisamehe nikipandisha sauti. Hekalu la ilhamu lina faida kwa watu fulani, na watu hao si wasanii. Kila mara hutokea ofisi fikani ikaniita nitunge shairi la kumpokea mgeni rasmi. Mwenye viti hulipwa kodi ya viti vyake. Mwenye maturubai hulipwa. Mpishi wa pilau hulipwa, na mpiga picha hulipwa kabla hajafungua mfuko wake. Zamu ya mshairi ikifika hupigwa begani akaambiwa, "Wewe mwenzetu umejaliwa, hili kwako ni jambo la dakika mbili," akapewa soda. Ndiyo tafsiri halisi ya fundisho la kupuliziwa! Ikiwa shairi limetoka kwa binti mwenye nguo nyeupe, mimi nimekuwa bomba tu, na bomba halilipwi ujira. Lakini shairi lile la beti saba nililifanyia kazi usiku nne. Nilitupa vina viwili vilivyokataa kukaa, nikavunja ubeti wa tano nikaujenga upya. Atakayenilipa sawa na mwenye viti ni yule tu anayeamini kwamba nimefanya kazi. Kila tunaposifu ilhamu mbele ya watoto bila kutaja kazi, tunawaandalia utumishi usio na ujira.

Je, kipawa hakipo? Kipo. Nimeona watoto wawili wa baba mmoja, mmoja akisikia urari wa mizani tangu utotoni, mwingine akawa kiziwi nao mpaka leo, ingawa ni fundi hodari wa pikipiki. Zipo pia saa ambapo mshororo huja wote mzima, mwandishi hajui ulikotoka. Nimezionja, si mara nyingi. Ila nimechunguza, nikaona kwamba saa hizo hazijanijia hata mara moja katika miezi niliyokuwa siandiki. Huja siku ya tatu au ya nne ya kuhangaika na utungo ule ule, kama mgeni anayepiga hodi kwa sababu ameona taa inawaka.

Ndugu walimu, mnaweza kulibomoa hekalu hili katika vipindi vyenu bila ya nyundo. Mwanafunzi akiambiwa atunge, aambiwe pia atunge juu ya nini, tena kitu alichokigusa. Shairi lisomwe kwa sauti darasani, lighanwe, watoto wahesabu mizani kwa kupiga meza, waone kwamba mshororo wa mizani 16 unapokatika nane kwa nane masikio hutulia, na unapopungua mmoja hata kiziwi hukunja uso. Na rasimu ya kwanza isipewe alama. Irudishwe. Nimeona mashuleni daftari safi mno za mashairi, hazina hata neno moja lililofutwa, na mwalimu ameandika "Vizuri sana" kwa wino mwekundu. Ukurasa usiofutwa neno unaniogofya.

Yule kijana nilimwuliza amefanya nini asubuhi ile kabla ya kwenda shule. Akashangaa swali. Akasema ameamka saa kumi, amemsaidia mama yake kukaanga vitumbua, kama siku zote. Mama humimina uji wa mchele, yeye huvigeuza kwa kijiti. Nikamwambia anieleze mlio wa kimiminiko kile kinapoingia katika mafuta, na jinsi anavyojua kwamba chini kimeiva wakati bado hajakigeuza. Akanieleza robo saa nzima, mikono yake ikicheza hewani, na hakutafuta neno hata moja.

Jumapili iliyopita alikuja na beti nne juu ya vitumbua vya mama yake. Vina vya kati vimesimama, na kituo ni kizuri kuliko vyangu vingi. Ubeti wa tatu, mshororo wa pili, utao una mizani saba. Nimemrudishia.